Kabla ya Spana

Oili ikivuja kwenye injini hufanya mambo mawili: hushuka, na gari likiwa mwendoni husukumwa na upepo kurudi nyuma. Kwa hiyo inapodondokea sipo inapotokea. Fundi anayelijua hilo ana nusu ya kazi mkononi. Nusu ya pili ni subira ya kulitumia wakati mteja amesimama pembeni anaangalia saa, na subira hiyo ndiyo adimu kwenye gereji zetu.

Nilimwona nayo fundi mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mtu wa makamo mwenye gereji ya uani: mabati upande mmoja, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na vijana wawili wanaojifunza. Gari lililoletwa lilikuwa Toyota Corolla 110, lile umbo lililoanza kutoka Japani mwaka 1995, lenye injini ya 5A-FE ya silinda nne, cc 1,498. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, mama asiye na maneno mengi. Kwenye gereji alikotoka walikuwa wameangalia chini, wakaona oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, wakampa hukumu: sili ya nyuma ya krankishafti imekufa, giaboksi lazima ishuke. Sili yenyewe si ghali. Ghali ni kuifikia, maana imekaa nyuma ya flaiwili, na huioni mpaka giaboksi itoke.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Wenzako wameniambia giaboksi ishuke. Mimi nataka unieleze tu, nikiliuza hivi hivi litapata bei gani?"

"Tusiuze kwanza, mwalimu. Tulioshe."

Kwa mtu mwenye haraka, kuosha injini kunafanana na kupoteza muda. Lakini injini iliyovuja miaka mitatu imevaa koti la oili na vumbi lililogandamana, na chini ya koti hilo uvujaji wa juzi na wa zamani haupambanuki. Kijana mmoja aliambiwa afunge mifuko ya nailoni kwenye distributa na oltaneta ili maji yasiingie, kisha asugue kwa brashi na mafuta ya taa, asuuze, akaushe. Mwenzake alilala chini na tambara kufuta kasha la giaboksi mpaka aluminiamu ikaonekana rangi yake.

Kisha fundi akatoa kopo la poda ya watoto. Akainyunyiza kwa vidole, nyembamba, kuanzia pembeni mwa kifuniko cha juu cha injini, kwenye shingo ya distributa, upande wa beliti, hadi kwenye maungio ya sampu. Injini ikawa nyeupe. Akamwomba mwalimu aliendeshe gari hadi Buguruni na kurudi, mwendo wa kawaida, hata akikuta foleni ni sawa, kwa sababu foleni ndiyo inayopasha injini moto.

Lilipoingia tena shimoni, fundi alikuwa na tochi na kioo kidogo cha mkononi, vile vya kunyolea ndevu. Hakuanza chini. Alianza juu kabisa na kushuka taratibu, akitafuta mahali pa juu zaidi ambapo poda imegeuka tope. Pembeni mwa kifuniko cha tapeti, upande wa nyuma, kulikuwa na mstari mwembamba wa unyevu. Hatua moja chini yake, kwenye shingo ya distributa, poda ilikuwa imeliwa kabisa, na kutoka hapo ukaanza mfereji unaong'aa ulioteremka juu ya mgongo wa kasha la giaboksi, ukazunguka, ukaishia kwenye maungio ya chini. Pale pale walipopanyooshea kidole wale wa gereji ya kwanza.

Alivyowaeleza vijana wake ni hesabu isiyohitaji chombo chochote. Sili ya nyuma ikivuja, oili huanzia ndani ya kasha na kutokea chini kwenye maungio. Haina njia ya kupanda na kulilowesha kasha kwa nje, mgongoni. Mgongo ukiwa mkavu na chini kumelowa, shuku sili. Mgongo ukiwa umelowa, mwizi yuko juu. Kwenye injini hizi distributa imekaa ubavuni mwa silinda hedi, juu kabisa ya giaboksi, na kinachoizuia oili isitoke hapo ni pete moja ya mpira unayoweza kuivaa kwenye vidole viwili. Bei yake haifiki chakula cha mchana. Pete ya aina hiyo ina historia nzuri: aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1939 ni Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark, akiwa na miaka zaidi ya 70. Duara la mpira kwenye mfereji wa chuma, basi. Likiwa laini hujibana lenyewe kwenye nafasi yake na kuziba. Likikauka linabaki umbo tu.

Na mpira hukauka. Joto la injini ndilo linaloumaliza, na jiji letu linaongeza lake: gari linaposimama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela mchana wa Januari, hakuna upepo unaopita chini ya boneti, na kila gasketi inapikwa polepole. Kilomita zinaweza kuwa chache na mpira ukawa umezeeka. Ndiyo maana gari lililokuwa likitumiwa kidogo na mzee mmoja mtaratibu, lile linalosifiwa sana kwenye matangazo ya kuuza, linaweza kuvuja kuliko teksi.

Mpaka hapo fundi hakuwa amefungua nati hata moja.

Baada ya chanzo, lilikuja swali la sababu. Mpira wa zamani huvuja, lakini injini yenye shinikizo ndani yake hutoboa hata mpira mpya. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni, na gesi hiyo hutolewa kwa vali ndogo iitwayo PCV, inayoirudisha kwenye njia ya hewa ili ichomwe. Vali hiyo ikiziba kwa masizi, gesi hukosa pa kutokea na kuanza kusukuma oili kwenye kila upenyo. Mtu akibadilisha gasketi bila kuigusa PCV, mteja atarudi na uvujaji ule ule, na wote wawili watalaumu spea feki. Fundi aliichomoa, akaitikisa karibu na sikio. Nzima hulia kwa ndani, kijiwe chake kinapocheza. Hii ilikuwa bubu. Akaiweka kwenye kopo la petroli, akasema ikikataa kufunguka atanunua nyingine.

Kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Mafundi husema injini "inapumua" pale moshi unapotoka hapo kwa mikupuo na kiganja kikasukumwa. Hii ilitoa mvuke kidogo tu. Kwa uhakika zaidi akachomoa plagi, akafunga geji ya kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Namba yenyewe haikumshughulisha sana kama kule kukaribiana kwa silinda zote nne. Ingekuwapo iliyoanguka, alisema, angeitilia kijiko kidogo cha oili na kupima tena: ikipanda, ringi zimechoka, kwa sababu oili imeziba nafasi yao kwa muda, isipopanda, kasoro iko kwenye vali. Hazikuanguka.

Hapa ndipo uamuzi wa kutengeneza au kuachana na gari unapopata msingi, na watu wengi huukosa kwa sababu wanachanganya magonjwa mawili. Kuna gari linalovuja oili na kuna gari linalokula oili. Linalovuja linachafua sakafu ya nyumba yako, na mara nyingi dawa yake ni mpira. Linalokula halichafui chochote. Oili inapita kwenye ringi au sili za vali, inaungua, na moshi wa bluu unatoka nyuma, hasa ukiwasha asubuhi au ukikanyaga mafuta baada ya mteremko. Ringi zikiwa ndizo zimechoka, dawa yake ni kushusha injini, na kwa gari la umri huo gharama inaweza kukaribia bei ya gari zima. Mwenye la kwanza akipewa hukumu ya la pili, atauza mali nzuri kwa bei ya skrepa.

Kipimo cha kutofautisha unacho mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache oili ishuke, pima kwa stiki, andika kilomita. Rudia baada ya kilomita 1,000. Vitabu vya Toyota vya magari mengi ya wakati huo vimeweka lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa mwisho wa kuvumiliwa. Ukiwa mbali chini ya hapo huna haja ya kupanga mazishi ya gari. Usidanganywe na ukubwa wa doa sakafuni pia. Matone kama 20 hufanya mililita moja, kwa hiyo lita moja ni matone 20,000 hivi. Doa la kutisha la usiku mmoja huwa ni kijiko cha chai. Ila usiingojee taa nyekundu ya oili ikuambie. Taa ile hupima shinikizo. Ikiwaka kwa sababu oili imepungua, chuma tayari kinasuguana na chuma.

Fundi alimaliza ukaguzi mahali ambapo mwalimu hakutegemea. Aliacha injini, akaenda na bisibisi kugonga kingo za chini za milango, sakafu chini ya kapeti, na pale shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Anatafuta kutu. Pwani hii hewa ina chumvi, na gari linalolala karibu na bahari huliwa kimyakimya. Injini inayovuja hutengenezeka. Bodi iliyooza mahali pa kubebea shokapu haina fundi wa bei nafuu. Angekuta bisibisi inazama, alisema, angemshauri mwalimu aachane na gari hata kama injini ni nzima. Chuma kiliitikia kwa sauti ngumu.

Kisha akachukua boksi la spea, akalichana, akaandika upande wa nyuma kwa kalamu mafungu matatu.

La kwanza, kufanya leo: pete ya distributa, gasketi ya kifuniko cha tapeti, na PCV. Haya yana madhara yakiachwa. Oili ya kwenye kifuniko ilikuwa njiani kuelekea kwenye eksosi, ambapo kwanza hunuka, halafu hufuka, na siku ikiwa nyingi huwaka. Ya kwenye distributa inaweza kupenya ndani na kuifanya injini ikose moto.

La pili, kungoja: sili ya mbele ya krankishafti ilikuwa ikitoa jasho kidogo, unyevu usiotengeneza tone. Sili hiyo iko nyuma ya taimingi beliti, na beliti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ya gari hili ilikuwa inakaribia zamu yake. Kuifungua sasa ni kulipa ufundi mara mbili. Kuifungua siku ya beliti ni kulipa bei ya sili tu. Alichotaka ni mwalimu apite kila mwezi aangaliwe, maana jasho likigeuka tone na kufika kwenye beliti, mpira wa beliti utalainika, na hapo kungoja kumekwisha.

La tatu, kuacha: maungio ya sampu. Yalikuwa na weusi wa unyevu wa miaka. "Hili litakuzika na wewe, mwalimu," alisema, na mwalimu akacheka. Kuyafungua maungio hayo ni kazi ya nusu siku kwa faida ya tone moja kwa wiki.

Fungu hilo la tatu ndilo linaloonyesha daraja la fundi. Kijana aliyemaliza chuo anaweza kuorodhesha kila kinachovuja. Kuvumilia uvujaji mmoja, kuuweka kwenye maandishi na kumwambia mteja sababu, kunataka mtu aliyeona magari mengi yakiishi na jasho la namna hiyo bila kufa.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa utulivu ule ule. Gasketi ya zamani ya kifuniko ilitoka imekakamaa. Alipoikunja ikakatika kama tambi mbichi. Mabaki yaliyong'ang'ania kwenye hedi hakuyakwangua kwa bisibisi. Alitumia kipande cha mti alichokichonga ncha bapa, kwa sababu hedi ni aluminiamu, na mkwaruzo mmoja wa chuma ni mfereji mpya wa oili. Gasketi mpya aliifunga kavu. Silikoni aliiweka tone tone kwenye kona tu, pale vishikizo vya kemshafti vinapokutana na hedi na kuacha pembe ambayo mpira peke yake hauijazi. Kijana aliyemsaidia alikuwa amekwisha kuifungua tyubu ili apake duara zima. Fundi akamshika mkono. Silikoni ikizidi haibaki ilipopakwa: nusu hubanwa nje ikaonekana vibaya, nusu hubanwa ndani, hukatika vipande, husafiri na oili hadi sampuni, na kwenda kuziba chujio la pampu. Umeziba uvujaji wa kijiko, umeua injini.

Nati alizikaza kwa kuanzia katikati, kila moja kidogo, akazunguka tena, akazunguka tena. Hizi hazitaki nguvu. Kuzikaza sana hupinda kifuniko, na kifuniko kilichopinda huvuja milele. Spana aliishika karibu na kichwa chake, kusudi mkono usipate urefu wa kutumia nguvu hata ukitaka.

Pete ya distributa ilimpeleka kijana Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya spea, akiwa na ile ya zamani kwenye mfuko kama sampuli. Zilizoletwa zilikuwa mbili, za bei mbili. Fundi alizivuta, akaziachia, akaangalia ipi inarudi umbo lake mara moja na ipi inasitasita. Alikuwa amechora mstari wa chokaa kutoka kwenye distributa hadi kwenye hedi kabla ya kuilegeza, ili irudi kwenye pembe ile ile na moto usihame. Akaipaka pete mpya oili safi, akaiingiza kwa kuizungusha kidogo ili isijikunje. Haikuchukua muda.

Wapo wenye njia za mkato, na fundi hakuzidharau zote. Oili nzito, ile ya namba 40 badala ya nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu, hupunguza matone kwa sababu hupita kwa shida kwenye upenyo mdogo. Lakini asubuhi hupita kwa shida pia kwenye njia za kulainishia, na injini hujisaga ikiwa kavu kwa sekunde ambazo zingekuwa chache. Dawa za kuzuia kuvuja za kwenye chupa huuvimbisha mpira. Zinampa mtu muda, kama anasubiri mshahara. Hazimpi gari lililopona.

Na soko la magari halimpi mwalimu njia rahisi ya kukimbia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imeyafungia mlango yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu linatozwa ushuru wa ziada kwa umri wake. Anayekwepa ushuru hununua gari la mkononi, na gari la mkononi huja na siri za mwenye nalo wa kwanza. Corolla hii siri zake zote zilikuwa zimeandikwa kwenye kipande cha boksi. Kwa hesabu hiyo, kuijua ni thamani ambayo gari lingine la bei ile ile halina.

Bili ilikuwa ndogo sana, na hilo ndilo linalonisumbua. Kwa desturi ya gereji zetu, fundi hulipwa kwa alichofungua. Giaboksi ikishuka, kila mtu anaona jasho, anaona vyuma vimetandazwa chini, na hakuna anayebishia bei ya ufundi. Yule aliyetumia asubuhi nzima na poda, tochi na kioo, akagundua kwamba giaboksi haina haja ya kushuka, amejipunguzia kipato kwa mikono yake. VETA inafundisha ufundi wa magari, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini. Cheti kinasaidia, lakini hakibadilishi namna tunavyotoa pesa. Mradi tunalipia kufungua na kufunga tu, tunawafundisha vijana wa gereji kwamba macho hayana bei, na wao si wajinga, watashusha giaboksi.

Mwalimu alilielewa hilo kabla yangu. Alipotajiwa jumla aliuliza, "Na kuangalia je, fundi? Hujaandika." Fundi akasema kuangalia ni bure kwa mteja. Akakataliwa. Mama yule aliyefundisha darasani maisha yake yote alihesabu noti, akaongeza juu ya zilizotajwa, akamwambia aandike kwenye risiti: ukaguzi. Likaandikwa, kwa herufi kubwa, juu ya gasketi na pete. Laiti sote tungeingia gereji tukiuliza bei ya kuangalia kwanza na kuilipa bila kinyongo, hata pale jibu linapokuwa kwamba gari halina cha kufanywa, mafundi wa namna hii wasingekuwa wa kutafutwa kwa kuelekezwa.